Machujio Matatu na Majina ya Mwisho

Nilipofika Lodwar mara ya kwanza, katikati ya miaka ya tisini, nilishuka na sanduku la nguo, boksi la disketi, na kiburi cha kuwatosha watu wanne. Nilikuwa msichana wa Pwani wa miaka ishirini na sita, nimesomea kompyuta Nairobi, nimeajiriwa na shirika la misaada, na ofisi nzima hapakuwa na mtu wa kuniuliza nafanya nini, kwa sababu hakuna aliyejua nafanya nini. Wallahi hiyo ni hatari kwa mtu wa tabia yangu.

Aliyekuja kunipokea alikuwa dereva wa ofisi, Mturkana mrefu mwenye masihara. "Ejok," akaniamkia. Nikajibu, "Nzuri." Akacheka mpaka akashika usukani. "Ukiambiwa ejok, unajibu ejok noi. Haya, na hiyo mtoto umebeba inakula nini?" Alikuwa anaulizia boksi la disketi, maana nililipakata njia nzima lisipate vumbi. Tangu siku ile akaniita Mama ya Kompyuta, nipende nisipende, na mji wote ukamfuata.

Kazi yenyewe ilikuwa majina. Kule Kakuma, kambini, walikuwako watu wengi waliokimbia vita Sudani, na njiani walikuwa wamepotezana: mama huku, mtoto kule, mume hajulikani. Kila wiki yaliandikwa majina ya wanaotafutwa na, kando yake, ya wanaowatafuta. Orodha ilitumwa kwetu Lodwar kwa redio, sisi tukaichapa, tukaipiga mhuri, tukaitia kwenye bahasha ya gundi, na dereva akaipeleka Lokichoggio ikabandikwe ubaoni, mahali wanapopita waliovuka mpaka wa Nadapal. Anayeijua njia ile atashangaa, kwa sababu Lokichoggio iko mbele ya Kakuma. Majina yalikuja kusini hewani, kisha yakarudi kaskazini kwa gari, yakapita Kakuma ndani ya bahasha isiyofunguliwa. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa mhuri uko Lodwar. Basi, mhuri ukiwa Lodwar utafanyaje?

Kabla sijaja, majina yalisomwa kwa mdomo redioni, herufi moja moja, na kila mwenye redio kuanzia mpakani hadi ziwani alisikia nani amepotelewa na nani. Mtu anataja jina la mtoto wake, mwingine kutoka Kalokol anaingilia kuuliza lori la samaki limefika wapi. Nikaambiwa niandike programu ili kompyuta mbili, moja Lodwar na moja Kakuma, zizungumze zenyewe kupitia redio ileile, haraka kabla betri za sola hazijalala, na bila majirani kusikiliza.

Wasioijua kazi hii niwaeleze kidogo. Kuna lugha ya kuandikia programu inayoitwa C. Lugha yenyewe ina maneno machache, kwa hiyo watu huandika vipande vya kazi vilivyo tayari, wakavifunga pamoja, na fungu hilo huitwa maktaba ingawa halina kitabu hata kimoja. Maktaba niliyopewa, disketi mbili na kitabu cha maelezo kilichotolewa kopi mpaka maandishi yamefifia, ilikuwa ya mikondo. Unafungua mkondo, yaani njia ya kupitishia herufi, uwe wa kwenda nje au wa kuja ndani. Juu ya mkondo unaweka chujio. Juu ya chujio unaweka chujio jingine. Kila moja linapokea herufi kutoka kwa lililo juu yake, linazigeuza, linampa jirani wa chini. Halijui herufi zimetoka wapi wala zinaishia wapi. Linamjua jirani yake basi.

Mimi niliweka matatu. La kwanza lilibana maneno yachukue nafasi ndogo: lilikusanya herufi mpaka zikajaa furushi, ndipo likaliachia furushi liende. La pili liligeuza furushi kuwa herufi za kawaida na tarakimu, maana redio yetu ikipewa alama isiyoizoea ilikuwa inagoma kama punda. La tatu lilitia alama ya ukaguzi kwenye kila mstari, ili mstari ukiharibika njiani uombwe tena. Chini kabisa, redio. Upande wangu wa Lodwar mpangilio uligeuka: kukagua kwanza, kisha kurudisha herufi, kisha kufungua furushi, na majina yakatoka kwenye kioo cha kompyuta vilevile yalivyoandikwa. Nilipoliona jina la kwanza likipita kutoka Kakuma nilipiga vigelegele peke yangu ofisini. Mlinzi akaja mbio na rungu, akidhani nimeona nyoka.

Tulianza kwa kuijaribu programu kwa orodha niliyoitunga mwenyewe, ambayo chini yake niliacha mistari mitupu chungu nzima kwa ajili ya sahihi na mhuri. Ilikwenda, ikafika, kila jina lipo. Nikaifuta ile mistari mitupu ili tusipoteze muda wa redio, nikasema kazi imekwisha.

Upande wa Kakuma aliyekalia mtambo alikuwa mwalimu wa shule huko kwao Sudani, mtu wa miaka arobaini hivi, na kwa karibu mwaka mzima nilimjua kwa sauti na kwa herufi tu. Nilimwita Mwalimu, yeye akaniita dada. Kiswahili alijifunzia kambini na alikisema polepole, neno moja baada ya jingine, na hakukubali kutuma kitu kabla ya salamu hata kama betri inakata roho. "Dada, umeamkaje? Nyumbani salama? Joto ya huko namna gani?" Mimi napiga kelele, "Mwalimu, tuma!" Yeye: "Nitatuma, dada. Salamu kwanza." Nilikuwa naisogeza ile redio mbali nami ili asisikie ninavyosonya.

Tuligombana mara moja. Nilitaka kila jina liwe na namba, moja, mbili, tatu, na jumla iandikwe juu. Akakataa. "Dada, hapana. Kwetu watu hapana pigwa namba. Hawa wamepotea. Nikiwapiga namba, ni kama mimi nimeshawazika." Nikamwambia Mwalimu hii ni kompyuta, si makaburini. Akarudia hapana yake ileile. Nikamgeukia dereva aniunge mkono, kumbe naye ni walewale. "Hata mimi sihesabu mbuzi yangu, Mama ya Kompyuta. Naangalia tu. Najua nani hayuko." Lo! Nimezungukwa. Nikaziondoa namba, nikiwalaumu wote wawili kimoyomoyo kwa ushamba.

Wiki ya tatu au ya nne, kabla ya kutuma, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, na mimi niko ndani ya orodha. Niko chini kabisa. Namtafuta mke wangu." Nikauliza mbona chini. Akasema yeye ndiye ameshika mwiko, na aliyeshika mwiko akijipakulia kwanza watu watamwonaje? Kwa hiyo kila wiki aliandika ya wenzake yote, kisha ya kwake mwisho. Walipotezana siku ya kukimbia, ukingoni mwa mto, na baadaye alisikia kwamba mke amevuka Nadapal na yu hai, ila mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini kwenda kumtafuta. "Anajua kusoma," akaniambia, na hapo sauti ikaingia majivuno kidogo. "Mimi nilimfundisha. Akiona jina yake pale, atakuja." Nikasema inshallah Mwalimu, haya tuma basi, betri.

Ningekuwa mtu wa kusoma majina, hadithi hii isingekuwepo. Lakini sikuwa nikiyasoma. Nilikuwa natazama taa za modemu, kile kidude kinachounganisha kompyuta na redio, na kuhesabu dakika, na orodha ikishatoka kwenye printa naigonga mhuri, naitia kwenye bahasha, nampa dereva. Watu waliokuwemo mle ndani kwangu walikuwa herufi. Nasema hivi bila kujipaka mafuta.

Na kompyuta, masikini, ilijaribu kuniambia. Kila orodha ilipomalizika kuingia, ile ya Lodwar ilitoa mlio mkali na kuandika kwamba mkondo umeisha ghafla. Kila wiki, bila kukosa. Mara ya kwanza nilishtuka, nikatazama: majina haya hapa, safi kabisa, mistari yote imekaguliwa. Ala! Sasa unalia nini? Nikaona ni maktaba tu ina makeke. Nikaandika mistari miwili ya kuunyamazisha mlio, nikaendelea na chai yangu.

Ilipita miezi kumi na moja. Ndipo nikaagizwa kwenda Kakuma kutazama mtambo, na nikabeba jalada la orodha zote zilizochapwa, kwa sababu nilitaka kujionyesha. Tulisafiri kwa msafara na askari, tukavuka malaga, yaani mito iliyokauka, mchanga ukiingia mpaka kwenye meno. Mwalimu alinipokea mlangoni pa chumba chake cha mabati, amevaa shati lililopigwa pasi, sijui kwa pasi gani kule. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza salamu zote alizokuwa akiniuliza redioni, moja baada ya moja, na safari hii sikuwa na mahali pa kusonyea. Dereva akacheka nje.

Baada ya chai nikamwekea jalada mezani. "Tazama Mwalimu, kazi yako hii." Hakuwa ameiona hata orodha moja ikiwa imechapwa. Akapangusa mikono kwenye suruali kabla ya kuligusa. Akafungua ukurasa, akashusha kidole mpaka chini, akakisimamisha pale. Akafungua wa pili, akashusha kidole. Wa tatu. Hakuwa akisoma juu, alikuwa akitazama chini tu, na kidole kikaanza kwenda polepole zaidi. Mwishowe akaniuliza kwa adabu ileile ya siku zote, "Dada, karatasi ingine iko wapi?"

"Ingine ipi?" nikasema, tena kwa ukali. "Orodha ndiyo hiyo yote."

"Hii inaisha kwa huyu mama. Baada yake kuna mzee, kuna mtoto wa miaka sita. Halafu kuna mimi."

Akainuka akaleta madaftari yake, yale ya shule yenye mistari, ambamo aliandika kila orodha kwa mkono kabla ya kuichapa. Tukaweka daftari kando ya karatasi. Wiki ile yalipungua majina matatu. Wiki nyingine mawili. Nyingine manne. Na katika kila wiki, kati ya yaliyokosekana, la mwisho lilikuwa jina lilelile, limeandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko mengine: la mke wake. Halikufika Lodwar hata mara moja. Halikuwahi kubandikwa popote.

Jamani, joto la Kakuma mnalijua au mnalisikia. Mimi siku ile sikulikumbuka hata kidogo.

Nilikaa kwenye mtambo nikafungua programu yangu, na haikunichukua muda. Niliposema chujio la kubana linakusanya herufi mpaka furushi lijae, mwenye akili angeniuliza: na furushi la mwisho, lile lisilojaa, je? Hilo husubiri. Husubiri uliambie chujio kwamba umemaliza, toa ulicho nacho. Ndiyo maana machujio yanafungwa kuanzia la juu: la kwanza linatoa salio lake kwa la pili, la pili kwa la tatu, la tatu kwa redio, na redio inafungwa mwisho kabisa. Mimi nilianza na redio. Nilifunga mlango wa nje, kisha ndipo nikawaambia waliomo ndani watoke. Furushi la mwisho lilitoka likakuta pamefungwa, likapotelea hapo. Kwenye lile jaribio la mwanzo kilichopotea kilikuwa mistari mitupu tu, ndiyo maana nilidhani yote imefika. Maktaba ilijua. Kila kazi yake ikimaliza hurudisha namba. Sifuri ni shwari, nyingine yoyote kuna jambo. Pale pa kufunga ilinirudishia namba ya matatizo miezi kumi na moja, nami sikuandika hata mstari mmoja wa kuitazama. Kitabu cha maelezo kilikuwa na kurasa mbili nzima juu ya namna ya kufunga. Nilizipita. Niliona kufunga ni kufunga tu, mtu atafundishwaje kufunga?

Kurekebisha ilikuwa kuhamisha mistari mitatu. Wa chini juu, wa juu chini. Dakika tano.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. "Ni nini, dada?"

Sasa hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo, kuliko hata kosa lenyewe. Nikasema, bila kugeuka, "Ni betri, Mwalimu. Betri ikishuka, mwisho wa orodha unakatika."

Akaitazama betri. Kisha akasema, "Basi ni mimi."

"Vipi wewe?"

"Ile paneli ya sola, mimi ndiye nasafisha. Vumbi ya hapa ni nyingi. Siku zingine nachoka, naacha." Akachukua kitambaa, akatoka nje, akapanda kwenye pipa la mafuta, akaanza kuipangusa paneli. Alipangusa ikawa inang'aa, na akaendelea kupangusa. Dereva akanitazama kupitia mlango. Sikumtazama. Ulimi ulikuwa mdomoni mwangu, mzima, na sikuutumia. Nilijiambia nitasema kesho. Mtu mwenye hasira kama zangu watu hudhani ni jasiri. Si kweli. Mara nyingi ni woga umevaa viatu vya kupiga kelele.

Tulikaa siku mbili tukiyakusanya majina yote yaliyopotea, kutoka kwenye kila daftari. Safari hii niliyasoma. Yeye alinitajia, mimi nikaandika, na kwa kila jina alikuwa na neno: huyu anatafutwa na mama yake, huyu alikuwa akiuza majani ya chai, huyu aliyekuwa akimtafuta amekwisha kuchoka akaenda zake. Hilo la mwisho lilinikata maini. La mke wake tukaliandika. Nikamwambia, "Mwalimu, wiki hii liweke juu." Akakataa kwa kichwa. Dereva akaipeleka orodha hiyo Lokichoggio siku ileile, bila bahasha, bila mhuri, na nikawaambia watu wa Lodwar kwamba anayetaka kunifukuza kazi kwa sababu ya mhuri anifukuze. Hawakunifukuza.

Majibu yalianza kuja. Yule mtoto wa miaka sita, ambaye sasa alikuwa wa miaka saba, alipatikana yuko na watu baki wema. Mzee mmoja alijitokeza mwenyewe mbele ya ubao akiwa ameshika fimbo, akasema, "Huyu ni mimi." Dereva alinisimulia haya kwa furaha, na akaniletea salamu: wanasema asante Mama ya Kompyuta. Nilikuwa nanuna kila nikishukuriwa. Akaniuliza, "Wewe hata shukrani inakukasirisha?" Nikamwambia aniache. Mwalimu naye kila saa nne asubuhi alikuwa hewani, salamu kwanza, kisha anamalizia, "Dada, leo paneli ni safi kabisa." Kila siku. Kila siku alinitajia ile paneli, nami kila siku nikasema vizuri Mwalimu.

Wiki ya sita dereva aliingia ofisini bila utani wowote, nikajua. Alikuwa na barua iliyokunjwa, imepita mikono mingi, imeandikwa kwa Kiingereza cha shule, mwandiko unaofanana sana na ule wa kwenye madaftari. Haikuwa na bahasha. Barua zote zilikuwa zikipitia kwangu nizichape na kuzituma kwa mtambo, kwa hiyo niliisoma. Nikiiweka kwa Kiswahili inasema hivi:

"Mume wangu. Mtu ameniletea habari kwamba jina langu liko ubaoni. Nilikaa Lokichoggio miezi tisa. Kila Jumatano nilikwenda kwenye ule ubao, nikasoma mpaka chini, kama ulivyonifundisha kusoma. Majina ya wengine yalikuwepo. Nikajua ungekuwa hai ungeniandika, kwa hiyo nikajua umekufa. Nilirudi nyumbani nikakulilia. Ndugu yako mdogo amenichukua, kama desturi yetu inavyotaka kwa mke wa marehemu. Nina mimba. Mtoto ataitwa wako, kwa sababu atazaliwa kwa jina lako. Sasa naambiwa uko hai. Sijui niseme nini. Niambie wewe."

Dereva alikuwa amesimama. Akauliza, "Ni mbaya?" Nikamwambia ni mbaya, na ni mimi. Hakuelewa, au labda alielewa, akatoka akafunga mlango taratibu.

Nilifikiri kuipoteza. Naam, nilifikiri. Barua ngapi zinapotea Turkana? Karatasi moja, na mtu anaendelea kusubiri, na kusubiri kwake nilikuwa nimekuzoea. Lakini mwanamke yule alikuwa amesoma ubao kila Jumatano mpaka chini akakuta hakuna kitu, na mimi tena ndiye wa kumfanyia mumewe vilevile? Nikasema la. Kwa sauti, peke yangu, nikasema la.

Kumwambia kwa mdomo sikuweza, na redioni dunia nzima inasikiliza. Nikaketi nikaichapa barua kama ilivyo, neno kwa neno. Chini yake nikaacha mstari mmoja, kisha nikaandika yangu kwa Kiswahili: "Mwalimu, haikuwa betri. Haikuwa paneli. Paneli yako haikuwa na kosa siku yoyote. Ni mimi niliyeandika programu vibaya, nikafunga redio kabla majina ya mwisho hayajatoka, na mashine ilipolia niliinyamazisha. Nililijua siku ile ulipokuwa umesimama nyuma yangu, nikakudanganya. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, nitaelewa."

Nilikosea mpaka nikarudia kuchapa mara mbili. Saa nne ilipofika akaingia hewani. "Dada, umeamkaje? Nyumbani salama?" Nikamjibu salama, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane nikamuuliza yeye zake, zote, joto, nyumbani, usingizi. Akafurahi, nikasikia. Akasema, "Leo dada una muda." Nikamwambia kuna barua yake. Akauliza, "Kutoka?" Nikasema, "Kutoka kwake." Nikabonyeza.

Nilizitazama taa za modemu zikikimbia. Barua ilibanwa, ikageuzwa, ikatiwa alama, ikaenda. Furushi la mwisho likatoka, dogo, lenye maneno yangu ndani yake, kisha la juu likafungwa, likafuata la pili, likafuata la tatu, na redio ikafungwa baada ya yote. Kila mahali namba ilikuwa sifuri.

Nikangoja. Chai ikapoa. Nilijua ana dakika ngapi za kusoma, na zikapita, na zikapita nyingine. Nilifikiri atakuja kwa sauti, anitukane, na nilikuwa namwomba Mungu anitukane. Hakuja kwa sauti. Taa ya kupokea ikawaka kidogo tu, na kwenye kioo yakatokea maneno haya:

"Imefika yote, dada. Ya kwake na ya kwako. Leo sitatuma orodha."

Niliyasoma, nikayasoma tena, nikashusha kidole kwenye kioo mpaka chini kutafuta kama kuna neno jingine baada ya hapo. Mlio nilikuwa nimekwisha kuurudisha siku ileile niliporudi kutoka Kakuma, na haukulia. Hakuna kilichopotea njiani. Hapakuwa na neno jingine.